Injini ya Jikoni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu tulimzika mwezi wa nane, nyumbani kwake njia ya Merikit, siku ambayo mvua ilinyesha asubuhi kisha ikatuhurumia. Kesho yake, waombolezaji wa mbali wakiwa wameshaondoka, mke wangu Amoit alinituma jikoni kwa marehemu nikalete beseni. Nilifika mlangoni nikasimama. Mguu ulikataa kuvuka kizingiti. Nina miaka sabini na miwili, nimefungua injini nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, lakini ndani ya jiko lile sikuwahi kuingia hata siku moja. Kwetu Wasamia, na kwao Wateso vilevile, mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake, hali naye chungu kimoja, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja wao hupinda kichakani mpaka mwenzake apite. Amoit aliniona nimeganda, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia, "Ingia tu, baba. Ameshakwenda." Sikuingia. Beseni lililetwa na mjukuu, nami nikarudi kwenye kiti changu chini ya turubai, nikaanza kuukumbuka mwaka wa sitini na tano, mwaka ambao jiko lile lilikaribia kuninyima mke kwa sababu ya injini.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipanga chumba kimoja Busia, upande wa Uganda, nyuma ya ghala la mahindi. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, sanduku la spana ambalo pia lilikuwa meza, na dirisha lililotazama ukuta wa ghala kwa umbali wa mkono mmoja. Wapagazi wa ghala walikuwa wakipumzika upande wa pili wa ukuta, nami nikila muhogo wangu wa kuchemsha na chai ya rangi niliyasikia maneno yao yote kana kwamba tumeketi pamoja. Hivyo ndivyo nilivyojua nina jina jipya mjini. Waliniita Fundi Rangi. Mmoja alikuwa akisema, "Mpelekeeni Fundi Rangi hata sufuria, mradi mmeipaka rangi atasema ni injini," na wenzake wakacheka mpaka wakakohoa vumbi la mahindi. Niliendelea kutafuna muhogo wangu, maana walisema kweli.

Jina lile nililipata kwa halali. Mwanzoni mwa mwaka, chama cha wakulima wa pamba cha kwetu Buhehe kilinituma niwachagulie injini kuukuu ya pikapu yao, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imechoka. Nilikwenda Tororo, nikaonyeshwa injini uani kwa muuzaji mmoja, imepakwa rangi ya fedha kuanzia juu mpaka chini, inang'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu kwayo. Mimi kijana nikapendezwa. Nilisema ndiyo. Tuliifunga, ikanguruma vizuri siku nne, siku ya tano ikafia kwenye msitu wa Busitema ikiwa na watu wanane na magunia ya mbegu, na watu wale wakatembea kwa miguu wakilitaja jina langu njia nzima. Tulipoifungua tukakuta chini ya rangi kuna ufa mrefu ubavuni, umezibwa kwa lami. Namba ya injini nayo ilikuwa imesagwa ikagongwa nyingine juu yake. Namba za kiwandani husimama kwenye mstari mmoja na kuzama sawasawa. Zile zilikuwa zinayumba, moja juu, moja chini, kama walevi wakirudi kutoka kwenye pombe ya ajon. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria: injini inayong'aa inaficha kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa nimeumwa mbele za watu.

Amoit nilikuwa nimemjua mwaka mmoja. Alishona nguo kwa fundi cherehani mmoja mjini Tororo, na siku za soko alikuja Busia kununua vitambaa. Yeye alizungumza Kiteso, mimi Kisamia, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili, lugha ambayo hapa kwetu watu huitumia kuuziana ng'ombe na dagaa. Alikuwa na tabia ya kupima kila kitu kwa macho kabla hajagusa, kitambaa au mtu. Baba yake, marehemu Isidori, alikuwa dereva, na alifariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa kifua. Wajumbe wetu walikuwa wameshakwenda kwao mara moja, wakapokewa, wakaambiwa warudi baada ya mavuno. Nilibaki kuhesabu wiki tu.

Siku moja, tukila mandazi nje ya karakana nilipofanya kazi, nilimlalamikia kwamba pamba inakaribia kuvunwa na chama hakina gari. Mwenyekiti wetu, Mzee Ojiambo, mtu mpole aliyeweza kukuaibisha bila kupandisha sauti, alikuwa ameniambia maneno ambayo hayakunitoka kichwani: "Wandera, tumekubali kukupa nafasi ya pili kwa sababu wewe ni mtoto wetu. Mara hii ukisema ndiyo, iwe ndiyo. Pamba haingoji mtu." Amoit alisikiliza, akafuta sukari vidoleni, akasema nyumbani kwao ipo injini ya pikapu kama ileile. Baba yake aliitoa kwenye gari lililopinduka likaharibika mwili wote, akaihifadhi apate kuiweka kwenye gari lake mwenyewe, kisha maradhi yakamkuta. Ilikuwa jikoni kwa mama yake, imefunikwa magunia, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine penye kufuli. Mama yake alikuwa tayari kuiuza, lakini kwa mtu atakayeijua thamani yake. "Wewe si ni fundi?" akaniuliza, huku anacheka. Nami sikucheka sana. Nilikuwa natakiwa kwenda nyumba moja nikiwa mnunuzi mwenye shaka na mkwe mwenye adabu, kwa siku moja, kwa suruali moja.

Tulikwenda watatu: mimi, Mzee Ojiambo, na baiskeli yake aliyoikokota muda mwingi kuliko kuiendesha. Tulipokewa na Ekirapa, mdogo wake marehemu, mtu mfupi mwenye kifua kipana aliyekuwa ndiye msemaji wa ukoo katika habari za posa. Ua ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya kwa udongo na samadi, bado zinanukia. Tuliwekwa kwenye nyumba kubwa, viti vinne na meza yenye kitambaa cha kufumwa, na kutoka jikoni, hatua ishirini hivi, tulisikia mwiko ukigonga chungu na sauti ya mwanamke akitoa amri kwa Kiteso. Sikuwahi kumwona sura. Nilimjua kwa sauti hiyo na kwa harufu ya kuku anayepikwa na njugu iliyosagwa, na nilijua kwamba kuku yule amechinjwa kwa ajili ya mkwe, wala si kwa ajili ya fundi. Ojiambo alininong'oneza, "Hapa umepata watu." Nilijisikia nimeinuliwa kidogo juu ya kiti.

Kisha vijana wanne wakaibeba injini kutoka jikoni kwa miti miwili, wakaiweka uani juu ya magunia. Nikaitazama. Ilikuwa inang'aa. Haikupakwa rangi, lakini chuma chote kilikuwa cheupe, hakina tone la oili wala vumbi la barabara, na injini ya miaka kumi ni lazima iwe na uchafu wake kama vile mzee alivyo na makunyanzi. Nilipiga goti. Pale kwenye bapa, ile sehemu iliyogongwa namba, niliona mikwaruzo, mingi, myembamba, imekwenda huku na huko juu ya tarakimu mpaka mbili za mwisho hazisomeki. Niliuona tena msitu wa Busitema na watu wanane wakitembea kwa miguu. Nilisikia kicheko cha wapagazi. Sikufungua plagi hata moja. Spana zilikuwa kwenye mfuko begani, na sikuzitoa. Mpaka leo nikiwafundisha vijana kazi huwaambia habari hiyo kwanza: nilikuwa na spana begani na sikuzitoa.

Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba injini ile imesuguliwa makusudi, namba yake imechezewa, na chama hakinunui. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, kwa sababu nilitaka Ojiambo asikie kwamba Fundi Rangi amekufa. Kule jikoni mwiko ukaacha kugonga. Ekirapa akanisogelea hatua moja. "Sasa wewe nasema ndugu yangu alikuwa mwizi?" aliuliza polepole. Nikajibu kwamba nasema habari ya injini, sisemi habari ya mtu. "Injini hii hakuna mtu mwingine nagusa," alisema. "Ni ndugu yangu, na ni nyumba hii. Wewe chagua mwizi ni nani." Ojiambo alinishika mkono akaomba radhi kwa niaba yangu, lakini maji yalikwisha mwagika. Kuku hatukumla. Tulipokuwa tunatoka nilimwona Amoit kwenye kona ya nyumba ameshika bakuli la maji ya kunawa, maji ambayo hayakuwa na mtu wa kunawa tena, na hakunitazama.

Wiki zilizofuata ni za kusahau, ila sikuzisahau. Siku za soko zilikuja zikapita na Amoit hakuja kununua vitambaa. Kule Buhehe pamba ilivunwa, na kwa kuwa hapakuwa na gari la kuipeleka, watu waliijaza ndani ya nyumba zao. Nilikwenda kumsalimu Mzee Ojiambo nikamkuta anakula kwenye kizingiti, kwa sababu ndani pamba ilikuwa imefika dirishani na mkewe analala juu yake. Walinikaribisha wali wa jana na samaki. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinikera kuliko kulaumiwa. Ojiambo aliniuliza jambo moja tu: kama nilikuwa na hakika. Nikajibu kwamba nina hakika. Yeye akachambua mwiba wa samaki, akasema ni vizuri, maana kama sina hakika basi tumepoteza vitu viwili.

Amoit alikuja karakana siku moja saa sita mchana, jua likiwa utosini. Nilimpa kiti, akakataa kukaa. Alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, la buluu.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja, kisha nakwenda," alisema. "Unajua ni nani alisugua ile injini?"

Nikamwambia sijui.

"Mama. Siku tatu. Kwa majivu na mchanga, na gunzi la mahindi, kama anavyosugua sufuria. Mimi nilimwambia aache, ni chuma tu. Akasema mkwe anakuja, hawezi kukuta kitu kichafu kimetoka jikoni kwake."

Nilikaa mimi kwenye kile kiti. Naandika haya nikiwa mzee na bado uso unanichoma. Nimekulia katika nyumba ambayo akitarajiwa mkwe hata kuku huogopa kuchafua ua. Mama yangu mwenyewe alikuwa akisugua masufuria kwa majivu mpaka yanatoboka, na nililijua gunzi, na mchanga, na mikwaruzo yake myembamba iendayo huku na huko. Mwizi wa namba husaga kwa tupa, na tupa huenda upande mmoja. Nilikuwa nimeitazama kazi ya mwanamke aliyeniheshimu kwa siku tatu za mikono yake, nikaiita wizi, tena uani kwake, tena kwa sauti ya kusikika jikoni. Nilimwambia Amoit kwamba nilikosea. Akasema hilo analijua, anachotaka kujua ni kama nitalisema mahali nilipolikosea. "Mama ana neno lake pia," akaongeza. "Amesema, juu alisafisha yeye, ndani hakusafisha. Uende uangalie ndani."

Nilikwenda keshokutwa yake, peke yangu, na mfuko wa spana. Ekirapa alinipokea bila kiti. Injini ilikuwa imerudishwa jikoni, na alinieleza wazi kwamba hakuna kijana wa ukoo wake atakayeibeba tena kwa ajili yangu. Kama naitaka, niitazame ilipo. Alijua anasema nini. Ilipo nisingeweza kuingia. Niliposimama pale katikati ya ua, naona mlango wa jiko na siwezi kuusogelea, nikaelewa kwamba huenda nikarudi Busia bila injini na bila mke, na kosa ni langu lote. Kisha Amoit akatoka jikoni, akaniashiria nizunguke nyuma.

Jiko lile lilijengwa kwa tofali za kuchoma, kwa sababu marehemu alipenda vitu vya kudumu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na tofali moja lililolegea, kwa urefu wa kifua cha mtu aliyeketi. Amoit alikuwa amelichomoa. Aliniwekea kigoda nje, yeye akarudi ndani, na sauti yake ikanijia kutoka tunduni pamoja na moshi. Sikuona kitu ila giza na wekundu wa makaa. Nilijua ndani kuna watu wawili, kwa sababu nilisikia mwingine akipumua, polepole sana.

Nikainamia tundu lile nikasema, "Mama, nilikosea. Nilitazama na sikuuliza." Desturi inataka maneno ya namna hiyo yapitie kwa mtu wa tatu, na sikuwa na hakika kama nafanya adabu au naongeza kosa. Mwishowe sauti ile niliyoijua ikasema kwa Amoit, si kwangu, ila kwa Kiswahili ili nisikie, "Mwambie huyu mtu atoe kazi. Kuni nakwisha."

Basi tukaanza kazi. Nilipitisha spana tunduni, moja moja, nikamweleza Amoit plagi ziko wapi na azifungue akielekea kushoto. Nilisikia chuma kikilia, kisha plagi nne zikanijia mkononi. Zilikuwa na rangi ya kahawia kama biskuti, kavu, rangi ya injini iliyokuwa inakula mafuta yake na kuyachoma vizuri. Nikamwomba mafuta kidogo kutoka chini ya injini, akayateka kwa kijiko akanipitishia: meusi, mazito, nikayasugua kati ya vidole nisipate chembe ya chuma, wala weupe wa maziwa ambao huonyesha kwamba maji yameingia. Kuhusu namba nilimpa karatasi nyembamba, nikamwambia aiweke juu ya bapa na apake mkaa juu yake polepole, bila kugandamiza. Mchanga hukwaruza juu tu, lakini muhuri wa kiwandani umezama. Karatasi ilipotoka tunduni niliishika kwenye mwanga, na zile tarakimu mbili nilizoapa kwamba zimechezewa zilikuwa pale, nyeupe ndani ya weusi, zimesimama kwenye mstari na nyingine. Amoit akanipitishia kadi ya lile gari lililopinduka, ambayo mama yake aliihifadhi ndani ya Biblia. Nikalinganisha mara tatu. Zililingana.

Lililobaki lilikuwa nguvu. Injini inaweza kuwa ya kweli na ikawa maiti. Nilieleza kwamba mtu mmoja azungushe injini kwa spana kubwa kwa mbele, na mwingine azibe tundu la plagi kwa kidole gumba. Kama silinda ni nzima, hewa itamsukuma kidole. Nilidhani Amoit atafanya la kidole. Nikasikia wanabishana kwa Kiteso, halafu Amoit akasema, "Kidole ni cha mama. Anasema yeye ndiye aliyeisafisha, yeye ndiye ataijua." Akazungusha. Ya kwanza ikasukuma. Ya pili ikasukuma. Ya tatu, kimya. Akazungusha tena, kimya. Nilisikia mama akisema neno dogo, kama mtu aliyeangusha kitu.

Ningeweza kunyamaza. Nilimtaka yule msichana kuliko nilivyoitaka ile injini, na mama yake alikuwa ananisubiri niseme ndiyo. Lakini nilikumbuka pia nyumba za Buhehe zilizojaa pamba mpaka madirishani. Nikasema kupitia tunduni kwamba silinda ya tatu ikikataa sitaweza kuichukua, na kwamba safari hii sitasema hivyo kabla sijajaribu lililobaki. Injini iliyolala mwaka mzima hukauka ndani, pete za pistoni zikashikana na kutu, hewa ikapita pembeni. Nikapitisha chupa yangu ya oili safi, nikawaambia wamimine kijiko kimoja kwenye tundu la tatu, wasubiri, kisha wazungushe taratibu. Tulisubiri kwa muda wa kuchemka chai. Ekirapa alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu bila mimi kujua, mikono mgongoni, anatazama ukuta. Spana ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Ndani pakasikika mlio mdogo wa hewa.

"Fundi," ilisema sauti tunduni, na haikupitia kwa mtu yeyote. "Hii ya tatu nasukuma sasa. Nasukuma kidole yangu mpaka natoka."

Ekirapa ndiye aliyejibu, kwa Kiteso, na alicheka, na mle ndani wakacheka pia, nami nikawa nacheka nje ya ukuta na watu nisiowaona. Ya nne ilisukuma bila matatizo. Baadaye kidogo, kitu kikaja tunduni: bakuli la kunde zilizoungwa kwa njugu, na juu yake tonge la atap, ule ugali wao wa wimbi, la moto. Nilikula pale kwenye kigoda nikiwa na mikono ya oili, na nikakwangua bakuli. Kilikuwa chakula changu cha kwanza kukimaliza katika nyumba ile. "Eyalama, toto," nilisema, asante mama, na ndani mtu akarudia maneno yangu kwa kuyatania, maana niliyatamka vibaya.

Ekirapa alinitoza mbuzi mmoja kwa kumtukana ndugu yake, na nikamtoa kwa moyo mweupe. Injini ilifungwa kwenye pikapu wiki ileile. Ilibeba pamba yote ya Buhehe, na misimu saba mingine baada ya huo, na kila ilipopita nje ya ghala wapagazi walinyamaza au walijitahidi. Baada ya mavuno wajumbe wetu walirudi njia ya Merikit kama walivyoambiwa. Siku ya harusi mama mkwe alikaa nyuma ya nyumba, nami mbele, kama inavyotakiwa.

Watu huniuliza nilimjuaje mama mkwe wangu kwa miaka karibu hamsini ikiwa sikuwahi kumtazama usoni. Nilimjua vizuri. Kila tulipokwenda kwao kwa gari langu, nikishasalimia wazee, nilizunguka nyuma ya jiko na kukaa kwenye kigoda, na tundu lilikuwa wazi. Kwanza aliuliza habari za injini yake. Ilipokufa alinipa pole kama ya msiba. Baadaye tuliongea mambo mengine: watoto, mvua, vita vilivyopita juu yetu, dawa za miguu yake. Siku zote alianza na neno lile moja, Fundi, na siku zote niliondoka nikinuka moshi. Sikuwahi kujiuliza tundu lile lilikuwaje siku nisizokuwapo. Nilidhani tofali lilipotea tu.

Jioni ile, baada ya habari ya beseni, niliinuka nikaenda tena mpaka mlangoni, na safari hii niliingia. Nilisimama mpaka macho yakazoea. Jiko lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria. Kuta zilikuwa zimesiribwa upya mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na kuzunguka tundu kila tabaka lilikuwa limeishia ukingoni kwa uangalifu. Tofali lilikuwamo mle tunduni, limesukumwa ndani kuzuia mvua. Nililishika kulichomoa. Pembe zake zilikuwa zimelainika na kuwa za mviringo, na mahali pa vidole palikuwa na vishimo vinne na kimoja kikubwa chini, cha gumba. Vidole vyangu havikuenea. Vishimo vilikuwa vya mkono mdogo kuliko wangu. Nililivuta, likatoka bila sauti, kama kitu kilichozoea kutoka. Nje, kwenye kigoda changu, alikuwa ameketi Amoit. Sijui alikuwa pale kwa muda gani. Aliinamia tundu akanitazama, akaona nina tofali mikononi.

"Alikuwa akisikia gari lako linapanda kutoka barabarani," alisema, "ndipo analichomoa."